Kidole cha Onema kwenye foni

Ukipita huku kwetu Kasuku, hapa Kindu, ukamukuta muzee mwembamba ameketi mbele ya nyumba ya mabati yenye kutu, ukamusalimia, naye akakujibu na sauti ndogo mpaka unainama kutafuta maneno mudomoni mwake, usifikiri ni mugonjwa. Usifikiri ana majivuno pia, sawa vile watu wa Alunguli, ng'ambo ya muto, wanavyosema. Huyo njo Onema. Mimi Riziki, ninayechoma mikate ya mafuta kando ya nyumba yake tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi, nilimujua wakati sauti yake ilikuwa inaangusha mapapai.

Wajukuu wangu wanasema, "Tate, wewe unaongeza chumvi." Ni kweli, naongeza. Yule kiboko niliyemuona ndani ya Lualaba amefunga kilemba, nilimuongeza mimi mwenyewe, na simutoi. Lakini katika hii ya Onema chumvi ni ya kuonja tu. Na pale woga unapoingia, sikutia hata punje.

Onema ni mutoto wa Tunda, huko Kibombo. Baba yake alilima mupunga. Yeye jembe lilimushinda, akapanda treni akaja Kindu kubeba magunia kwenye bandari. Pale ilikuwa hivi: pirogi ikiwa katikati ya muto, mwenye mali hajui ishuke wapi, wanamuita Onema. Anaweka mikono mudomoni, analia kwa nguvu mara moja, na pirogi inageuka. Mufanyabiashara mumoja kutoka Butembo, Valère, alimusikia akiwa amelala kwenye nyumba ya wageni mbali na muto, na madirisha yamefungwa. Akauliza, "Nani anagombana?" Wakamwambia, "Hakuna anayegombana, bwana. Ni Onema anasalimia."

Valère alikuwa na duka la chumvi, vitenge na vyuma vya baiskeli, na alikuwa na foni. Vijana wa leo hawaijui. Ni sanduku la chuma linalokula batri ya gari. Waya wake unapanda nje, unafungwa katikati ya michikichi miwili, na mikro unaishika mukononi. Ukibonyeza butoni ya mikro, unasema. Ukiachia, unasikiliza. Wakati huo simu haikuwako kabisa huku kwetu. Ukitaka kujua kama dada yako wa Lokandu amezaa, unaenda kwa foni ya Valère. Na Valère alitafuta muntu wa kuisema, akachukua ile sauti ya bandarini.

Sisi wote tuliamini kwamba mbali kunataka kelele. Lokandu si mbali, basi Onema aliita Lokandu akiwa ameketi. Kisangani aliiita akisimama. Goma alivua shati. Ukimuona Onema anafungua vifungo, unajua Valère iko Goma na atasikia. Watu waliokuja kusema na ndugu zao wa mbali walileta na mujomba wao mwenye kifua, awasaidie kulia ndani ya mikro. Siku moja bata za Mama Jeanine zilivuka muto kwa ile kelele. Sawa, hazikuvuka. Ziliingia majini tu.

Na ile kelele ilifanya kazi, usicheke. Mikro ilikuwa imezeeka, imejaa vumbi na mate ya miaka mingi. Haikusikia muntu anayesema kawaida. Tena kwenye sanduku kuna kifungo cha kuzungusha kinachotia sauti yako nguvu kabla haijatoka. Onema alikizungusha mpaka mwisho, kikashika kutu pale pale. Na kuna kidirisha chenye sindano. Ukisema, sindano inapanda. Valère alimufundisha: "Icheze hapa katikati, kwenye sehemu nyeusi. Ikilala kwenye nyekundu, unaharibu." Lakini na ile mikro muzee, hata Onema angelia namna gani, sindano haikufika kwenye nyekundu. Akaisahau, kama vile unavyosahau muzigo wa jirani.

Kisha vita ikaingia.

Wenye bunduki walikamata muji. Watu wa musitu, wale waliokataa kutawaliwa nao, walizunguka inje. Sisi tukabaki katikati sawa samaki ndani ya chungu. Treni ililala. Njia ya shamba ikawa njia ya kufa. Valère alipanda ndege ndogo akaenda Goma, akamwachia Onema ufunguo wa duka lisilo na kitu na ile foni.

Komanda aliyetawala muji alikusanya foni zote. Ya mission ya mapadri, ya wauza mafuta, zote. Ile ya Onema aliiacha, juu ya vile Valère alikuwa anatuma sigara na chumvi kwa ndege, na komanda alipenda sigara. Lakini sheria zilikuwako: asubuhi mara moja, alasiri mara moja, basi. Kubonyeza butoni inje ya saa ni kufa. Kusema luga ingine isiyo Kiswahili ni kufa. Na kule kambini, ng'ambo ya barabara tu, walikuwa na foni yao, na kijana askari aliyeitwa Patient alikuwa anasikiliza kila neno.

Kulikuwa na muntu mumoja wa foni katika mutaa wa pili. Alisalimia mama yake na luga ya mama yake. Walimupeleka kwenye muto mchana kweupe. Tuliona viatu vyake vimepangwa vizuri kwenye ukingo, kama muntu aliyeingia kusali. Vilikaa pale, na hata mwizi hakuvigusa.

Onema alikuwa na bibi wa ndoa, Germaine. Huyo mwanamuke, ukimwambia kushoto, anakuuliza kwa nini si kulia. Kabla njia hazijafungwa alishuka Lokandu na mutoto wao wa kunyonya, Joëlle, kwa matanga ya baba yake mwenyewe. Njia zikafungwa nyuma yake. Onema alikula peke yake, akalala peke yake, na kila asubuhi alisikia habari za bibi yake kwa Abdoul, mwenye foni wa Lokandu.

Katika siku hizo mikro ya zamani ikafa. Valère akatuma ingine kutoka Goma, mupya, nyeusi, yenye kunukia duka. Onema aliipokea kama mukwe. Akaifuta na kitambaa, akaifunga kwenye sanduku, na kifungo kile cha kutu akakiacha mwisho kilipokuwa. Asubuhi ya kwanza akaiweka karibu na meno na akalia.

Mimi nilikuwa inje, mafuta yangu yanachemuka, nikasikia Abdoul anajibu: "Onema! Sauti yako inapasuka! Sikukamati hata neno! Lakini kama unanisikia wewe, sikiliza: pirogi ya motere inatoka hapa kesho, jogoo la kwanza. Inaleta samaki ya moshi Kindu. Bibi yako na mutoto wamepata nafasi. Wanakuja!"

Onema alitoka inje anacheza. Alinipiga begani, akachukua mukate ndani ya mafuta na vidole, hata hakusikia moto.

"Shemeji, wanakuja!"

"Nimesikia. Hata wafu wa Lokandu wamekusikia wewe."

Niliweka mikate ndani ya beseni, nikashuka bandarini kuuzia askari. Askari ukiwauzia chakula wanakuona sawa kikapu: wanatia mukono, wanasema maneno yao juu ya kichwa chako. Pale njo nilisikia. Walikuwa wamekokota bunduki kubwa mpaka kwenye kona ya muto, chini ya muji, kule maji yanakoelekea Lokandu, wakaifunika na makuti. Walisikia kwamba watu wa musitu watakuja kwa njia ya muto. Amri ilikuwa: kesho, chombo chochote kinachopanda kutoka chini, piga, usiulize.

Beseni liliniponyoka. Mumoja akacheka, "Mama, umeona nyoka?"

"Ndiyo," nikasema. "Mukubwa."

Nilirudi nikitembea pole pole, juu muntu anayekimbia ndani ya vita anaulizwa. Magoti yalitaka kukimbia, mimi nikayakataza. Nilimukuta Onema anafagia chumba, anatandika kitanda. Nikamwambia. Ufagio ulibaki mukononi mwake.

"Nitamwambia alasiri," akasema. "Nitamwambia abaki."

"Na kama Abdoul hakukamati?"

Akaegemeza ufagio ukutani. Kontakti ya alasiri, ile saa ya kusemezana na Lokandu, ilikuwa ya mwisho. Kufika ile ya kesho asubuhi, pirogi itakuwa imesha kutoka, na Germaine ndani yake, na mutoto mugongoni.

Tulikuwa bado tunaangaliana, Patient akaingia. Alikuwa na uso wa muntu anayepaswa kuwa darasani. Kila siku alinunua mukate, akala peke yake karibu na ukuta.

"Papa Onema," akasema, "asubuhi kwenye foni yetu sauti yako ilitoka kama vyura ndani ya shimo. Komanda aliuliza hiyo ni luga gani. Nikasema sijui. Alasiri atakuja hapa yeye mwenyewe. Mimi nitabaki kambini nasikiliza. Akiniuliza, nitasema ninachosikia. Kama ni vyura tena…"

Akauma mukate. Hakumaliza lile neno, wala hatukumuomba amalize.

Onema alianza kutafuta ugonjwa wa foni. Aligusa batri kwa waya wa taa ndogo, taa ikawaka vizuri. Akatoka kuangalia antene, tukakuta suruali ya askari, mbichi, imeanikwa juu ya waya! Onema aliiangalia sawa vile unavyoangalia bomu. Kuitoa ni kumutukana mwenye bunduki. Kuiacha ni kumuacha Germaine apande. Mimi niliitoa, nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya majani, nikasema kwa nguvu, "Huu upepo wa Kindu hauna adabu!"

Akarudi ndani, akafungua mikro, akaangalia nyaya zake ndogo. Zote zilikuwa nzima. Kujaribu kusema hakuweza, juu saa haikuwa imefika na Patient angesikia. Aliizunguka ile foni kama muganga aliyekatazwa kumugusa mugonjwa. Jasho lilimutoka, na jua lilikuwa linashuka.

"Labda wameiroga huko Goma," nikamwambia. "Ngoja nilete ubani."

"Riziki, mimi ni mukristu."

"Na foni je? Imebatizwa?"

Akasogea pembeni. Nikaleta kijiko cha makaa ya moto na ubani, nikafukiza sanduku, nikafukiza mikro, nikafukiza na Onema. Chumba kikawa cheupe. Nilikohoa mpaka machozi.

Mwishoni akasema, "Mikro ni mupya, masikio yake bado hayajafunguka. Nitalia zaidi." Na akaanza kufungua vifungo vya shati. Kwa Lokandu! Hapo pua na mudomo tu, na yeye anavua shati kama kwa Goma. Nilipoona kifua chake wazi, njo nilijua kwamba sisi wote wawili hatujui kitu.

Komanda aliingia bila kubisha. Muntu mufupi, viatu safi. Alikuwa na motorola mukononi, ile ya kusema na kambi. Akanusa ule moshi, akamuangalia Onema kifua wazi.

"Muzee, unaoga hapa?"

"Hapana, komanda. Ni joto."

Aliketi kwenye kitanda kilichotandikwa kwa Germaine. Mimi nilisimama mulangoni na beseni. Nilitaka kutoka, lakini aliniambia, "Mama wa mikate, baki," na nikabaki.

Onema alibonyeza butoni, akajaza kifua, akalia: "Lokanduuu! Lokandu, Kindu anaita!"

Sindano iliruka mpaka kwenye nyekundu, ikalala pale kama mulevi. Alipoachia, foni ikavuma, na Abdoul akasema, "Nani huyo? Inapasuka! Sikamati kitu!"

Komanda aliinua motorola. "Patient, unasikia nini?"

"Vyura, komanda."

Komanda alitoa bastola, akaiweka juu ya meza, karibu na sanduku, pole pole, sawa muntu anayeweka kikombe cha chai.

"Mara moja tena," akasema. "Kwa Kiswahili cha watu."

Onema alibonyeza. Akafungua mudomo. Ile sauti iliyogeuza pirogi, iliyovusha bata, haikutoka. Niliona shingo yake inapanda na kushuka bila kitu. Kilichotoka ni pumzi tu, pumzi yenye maneno ndani yake, kama muntu anayeungama zambi:

"Abdoul… ni Onema…"

Na sindano ikapanda katikati, kwenye sehemu nyeusi, ikaanza kucheza.

"Onema!" Abdoul alilia kule. "Sasa njo wewe! Ninakupata safi, sawa uko hapa kwenye kiti changu!"

Motorola ikasema, "Komanda, sasa ni muntu."

Komanda alicheka, akaegemea ukuta. Mimi mukojo ulibakia kidogo tu unitoke. Hapa pia siongezi.

Onema akasema, bado na ile pumzi, "Mwambie Germaine abaki Lokandu. Asipande pirogi."

"Yuko hapa hapa, ngoja."

Halafu ikaja sauti ya Germaine, yenye moto: "Nibaki kwa nini? Mutoto ana homa, huku hakuna dawa, nimesha funga muzigo! Onema, kama umeingiza mwanamuke mwingine kwenye nyumba yangu, sema!"

"Hakuna mwanamuke. Baki."

"Nipe sababu!"

Komanda alikuwa anaangalia mugongo wa Onema. Hakuwa anacheka tena. "Eh, muzee," akasema kwa upole. "Mupe sababu."

Alijua. Alitaka kuona kama na sisi tunajua. Onema akisema neno la bunduki, ile bastola ni karibu. Asiposema, ninamujua Germaine: kesho ataketi mbele kabisa ya pirogi, ili awahi kufika kumutoa huyo mwanamuke.

Onema alibonyeza butoni, na maneno hayakuja. Kidole kilikaa pale. Na ule ubani wangu, ambao haukuponya kitu, ulinishika koo, nikakohoa.

Sindano iliruka.

Nilikuwa mulangoni, mbali na mikro kama urefu wa kitanda na zaidi, na sindano ikaruka kwa kikohozi changu. Onema aliona. Aligeuza macho tu, kichwa hapana, akaniangalia. Mimi sijui kusoma hata jina langu, lakini miaka yote nimesoma mafuta yakipanda ndani ya sufuria, najua kitu kinachopanda kinapandishwa na moto gani. Ile mikro mupya, na kile kifungo kilichoshika kutu mwisho, vilikuwa vinasikia chumba chote. Komanda hakujua. Aliamini kama sisi wote, kwamba foni inasikia yule tu anayeitia mudomoni.

Onema hakuachia kidole.

Moyo wangu ulikuwa unapiga beseni. Nikatia uso wa mwanamuke mujinga, ninazo nyingi, nikasema, "Samahani, komanda. Samaki ya Lokandu itafika kesho ao hapana? Nijue kama nitafute mafuta."

Akageuka kuniangalia. Niliona anafikiri kama anijibu ao anipige. Bahati wakubwa wanapenda kusema.

"Mama, choma mikate yako. Kesho hakuna samaki. Pirogi yoyote inayopanda kutoka chini tunaizamisha pale kwenye kona. Hata ikiwa na bibi-arusi ndani."

Nilikuwa naangalia sindano juu ya bega lake. Ilicheza kila neno.

Onema akaachia.

Foni ilivuma, shhh, sawa mchele unaomiminwa. Ilivuma mpaka nikafikiri waya umekatika. Kisha sauti ya Germaine, ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu aolewe: "Sawa, bwana. Nabaki."

Abdoul akafunga kontakti bila kuaga.

Komanda alisimama. Alichukua bastola, lakini hakuirudisha kwenye mukanda.

"Huyu mwanamuke amekubali haraka," akasema. "Mbele alikuwa simba. Umemwambia nini?"

"Hakuna, komanda. Ulikuwa hapa."

Akainua motorola. Kufika hapo mimi nilikuwa nimesha kuviona viatu vya Onema vimepangwa kwenye ukingo, na sapato zangu za plastiki pembeni yake.

"Patient. Mwishoni ulisikia nini?"

Motorola ilikwaruza tu. Komanda alingoja. Onema alikuwa bado kifua wazi, jasho linamushuka tumboni, mikro inaning'inia mukononi kama kuku aliyechinjwa.

"Patient!"

"Komanda, nilisikia muzee anakohoa. Halafu bibi akakubali."

"Na kingine?"

Tena kule kukwaruza.

"Hapana, komanda. Yule muzee ana sauti ndogo sana."

Komanda alimuangalia Onema, akaniangalia mimi, akajaza mukono mikate ndani ya beseni langu, akatoka. Onema aliketi chini kwenye udongo. Tulikaa hivyo, hakuna aliyemwambia mwingine kitu, juu tulikuwa tumeanza kuogopa ile foni yenyewe. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikaifunika.

Kesho yake bunduki ilingoja kwenye kona siku nzima. Hakuna pirogi iliyopanda. Askari walirudi wameumwa na mbu, wana hasira, na kila kiatu kilichopita kwenye barabara sisi tulifikiri kinakuja kwetu. Onema alikaa anangoja kukamatwa. Aliponiona ninapita, aliuliza na macho tu.

Aliyekuja ni Patient. Alinunua mukate wake, akaula karibu na ukuta, akapangusa vidole. Alipokuwa anatoka, akasema bila kuniangalia, "Mama, mwambie Papa Onema apunguze kile kifungo cha sauti. Na asilie tena. Ile mikro inasikia mpaka watu wa mulangoni."

Nikabaki na kijiko hewani. Alikuwa amesikia yote.

Onema alichukua koleo, akavunja kutu, akarudisha kifungo nyuma kidogo kidogo, na kwenye kontakti iliyofuata alisema kama muntu wa kawaida, na sindano ikacheza pahali pake. Abdoul akamusifu. Lakini hata kusema kama muntu wa kawaida kulimushinda siku chache tu baadaye. Alirudi kwenye ile pumzi, na hajaitoka mpaka leo.

Komanda na watu wake walihamishwa, wengine wakaja, nao wakaenda. Patient aliondoka pamoja na komanda, amepanda juu ya magunia ndani ya lori. Nilimutupia mukate, akaudaka. Sikusikia tena habari yake, na nimeuliza.

Muto ulipofunguka, Germaine alirudi. Joëlle alikuwa anatembea na miguu yake. Germaine alimukumbatia bwana yake, akalia, akapangusa machozi, kisha akainama kuangalia chini ya kitanda.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Huwezi kujua," akasema.

Foni ya Valère iko mpaka sasa pale kwenye kona ya chumba, chini ya kitambaa changu, na sijarudishiwa. Simu zimejaa. Christelle, mutoto wa Joëlle, ana simu nyembamba kama mukate usioiva, anasema ndani yake akiwa anakula, akiwa chooni. Onema anaposikia hivyo anaenda kufunga dirisha. Yeye, simu ikilia, anaangalia mulango kwanza. Kama nimeketi nyuma yake, anangoja nitoke. Mimi! Niliyemukoholea!

"Shemeji," nikamwambia siku moja, "komanda alisha kwenda."

"Najua," akasema na kile kisauti. "Toka kwanza."

Joëlle anauza viatu Goma, na huko vita imerudi. Kila anapopiga, baba yake hamuulizi habari ya biashara wala ya afya. Neno la kwanza ni, "Nyuma yako kuna nani?" Joëlle anacheka, "Hakuna, baba, ni viatu tu." Ameizoea tangu utoto, ile hadisi tumemulisha pamoja na uji.

Juma lililopita simu ililia tukiwa wote kwenye uwanja, Germaine anatwanga sombe, majani ya muhogo, mimi na mafuta yangu. Onema akaangalia mulango, akaweka simu sikioni, nayo inasikika mpaka kwetu.

"Nyuma yako kuna nani?"

Joëlle hakucheka, wala hakujibu. Tulisikia anakohoa.

Germaine aliacha muchi ndani ya kinu. Onema hakusema hata neno, hakumuita jina. Ndani ya simu kulikuwa na sauti za wanaume, mbali kidogo, na viatu vizito kwenye saruji, na kitu kinaanguka. Mumoja aliuliza mwenye duka ni nani. Mafuta yangu yalianza kuungua, nikayaacha yaungue. Niliangalia mukono wa Onema. Simu haina butoni ya kushikilia, inasema yenyewe, hata Christelle amemweleza. Lakini kidole gumba kilikuwa kimebonyeza ubavu wa ile simu mpaka ukucha umekuwa mweupe.

Kiliendelea hivyo muda ambao sitakudanganya urefu wake.

Kisha Joëlle akapumua. "Baba. Wametoka. Wamechukua viatu tu."

Onema alifungua mudomo kumujibu. Germaine njo alimunyang'anya simu, akalia ndani yake na kelele mpaka kuku zikatawanyika: "Funga hilo duka! Leo! Usiniulize sababu!"